Sabuni Isiyoisha

Kaa. Vuta hicho kiti, miguu ndani, na simu igeuze uso chini. Hadithi hii haimtaki mtu wa kusikiliza nusu nusu, maana yenyewe ilianza na kitu kidogo ambacho mtu yeyote angekicheka: mikono iliyogoma kukauka.

Mikono ilikuwa ya dada mmoja ambaye wodi nzima ilimwita Kiherehere. Jina hakupewa bure. Kitu kikidondoka, yeye ameshakiokota. Mtu akikohoa, yeye ameshamletea maji. Alikuwa na mtoto wake wa kwanza pale kwenye wodi ya vichanga, kabinti kalikokuja duniani kabla miezi haijatimia, kamewekwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, kadogo hivi, kanaenea kwenye viganja viwili na vidole vinabaki. Mama yake alikaita Bosi.

"Si mnaona wenyewe?" alikuwa akiwaambia wenzake. "Amelala tu, na watu wazima wote humu wanakimbia kwa ajili yake. Bosi ni nani kama si huyo?"

Mlangoni mwa wodi kulikuwa na sinki, na juu ya sinki, ukutani, chupa kubwa ya sabuni ya maji, ile ya kubonyeza kwa kiwiko. Hapiti mtu bila kunawa. Muuguzi mkuu alisimama pale kama askari wa getini, "Mikono!", kabla hata hujamwamkia. Wazazi wakambatiza Sista Povu. Yeye alijua, jina lilimpendeza, ila alijifanya hasikii. Na kulikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko hata cheo chake: wodi nyingine sabuni inaisha, watu wananawa maji matupu, lakini kwake haijaisha hata siku moja. Ikikaribia kushuka, mwenyewe anabeba dumu, anapanda kwenye kistuli, anaongeza mpya juu ya ile iliyobaki.

"Chupa hii," alipenda kusema, "haijawahi kuona sakafu yake."

Haya. Asubuhi moja Kiherehere akanawa. Akasugua katikati ya vidole, akasuuza, akakung'uta, akafuta kwa karatasi. Mikono ikabaki na utelezi. Akasuuza tena. Utelezi upo pale pale, kama ametoka kukata bamia. Akainusa. Harufu tamu, ule utamu wa kuchosha, kama maua yaliyosahauliwa kwenye maji yake wiki nzima.

"Shoga," akamwambia mwenzake wa kiti cha jirani, "mikono yangu leo imegoma kukauka."

"Imekufuata wewe mwenyewe. Haitaki kupumzika."

Huyo mwenzake ni Mama Pacha. Alikuwa na wavulana wawili, Mkubwa na Mdogo, waliopishana dakika chache tu lakini mama yao alishawapangia ukaka na udogo. Alijifungua kwa upasuaji, mshono ulimvuta, kuinama hawezi. Kwa hiyo nepi zikijaa, anayeinama ni Kiherehere: anawageuza, anawafuta, anawatania. Siku hiyo pia. Akanawa, akamgeuza Mkubwa. Akanawa tena, akamgeuza Mdogo. Mikono bado inateleza.

Mchana Mkubwa akanyamaza.

Sikusema alilala. Kulala kuna pumzi zake, kuna vile vidomo vinavyonyonya hewa. Huyu alinyamaza kama redio iliyochomolewa. Maziwa yakapelekwa mdomoni, yakarudi yakateremka shavuni.

"Ana homa?" Mama Pacha akauliza.

Kiherehere akamshika mguu. Baridi. Baridi ya sakafu. "Hana homa, amepoa."

"Afadhali basi."

"Hakuna afadhali hapo!" Sista Povu alikuwa ameshafika. "Kichanga akipoa hivi, akagoma kunyonya, akalegea, hiyo ni mbaya kama homa au kuliko homa. Nipisheni. Daktari aitwe, sasa hivi!"

Walipambana, usiseme hawakupambana. Damu ya mtoto ilipelekwa maabara ioteshwe, waone ni mdudu gani. Dawa ziliingizwa bila kusubiri jibu. Lakini Mkubwa alishachukuliwa mbali. Kesho yake hakuwepo. Mama Pacha hakupiga yowe. Alimchukua Mdogo, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akamfunika, akaegemea ukuta, na kuanzia hapo akawa anaongea na huyo mtoto peke yake.

Haijapoa hiyo, mtoto wa kitanda cha ukutani naye akanyamaza. Vilevile. Baridi ile ile, na ukimwinamia, harufu ile ile ya maua mabovu.

Sasa ndiyo minong'ono ikaanza. Unajua wazazi wakikaa pamoja na hofu. Huyu anasema kuna mkono umempapasa. Yule anasema amesikia mtu anameza mate nyuma ya ukuta, glu, glu, na nyuma ya ukuta hakuna chumba. Mama mkwe wa Kiherehere naye akafika wakati wa kuona wagonjwa, akabandika uso kwenye kioo cha dirisha kama mtu anayechungulia duka lililofungwa.

"Mkwe," akaita kwa sauti ya chini, "mtoe mjukuu wangu humo. Humo kuna kitu."

"Mama, najua kuna kitu."

"Unajua na umekaa?"

"Nikimtoa kwenye lile joto, mama, nitakuwa nimemuua mwenyewe kabla hicho kitu hakijamaliza kujinyoosha. Hapa hatoki. Kitoke chenyewe."

"Utakitoa wewe? Wewe mbilikimo?"

"Mama, mimi nimemtoa mtu mzima tumboni. Kitu kinachojificha kitanishinda?"

Mama mkwe akaondoka anatikisa kichwa. Ila mdomo wa Kiherehere ulikuwa mbele na moyo wake nyuma. Aliogopa. Alipoogopa alifanya kile anachofanya mtu mwenye akili: alinawa. Akanawa mara mbili ya zamani. Akashika huyu, akanawa, akamsaidia yule, akanawa. Na kadiri alivyonawa ndivyo utelezi ulivyozidi.

Halafu ikaja ile saa ya mchana ambayo jua limesimama dirishani, wazazi wametoka kula, mashine zinakoroma taratibu. Kiherehere akasimama peke yake kwenye sinki. Akabonyeza. Povu likatoka, na halikuwa jeupe.

Lilikuwa na wekundu kwa mbali, wekundu wa fizi.

Akataka kulisuuza lakini maji yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya mgongo wa bata, na lile povu likaanza kujikusanya lenyewe katikati ya kiganja, viputo vidogo vikimezwa na vikubwa, mpaka kikabaki kiputo kimoja tu, chekundu, kinapumua, na ndani yake akaona mdomo, hakuna macho hakuna pua, mdomo tu mdogo usio na meno, unageuka huku na kule, huku na kule, unatafuta, kama kichanga anavyotafuta ziwa la mama yake gizani, na pale ukutani chupa ikafanya glu, glu, na ule mdomo ukatulia kama umeshiba.

"Usipige kelele," ukasema. Sauti ilikuwa ya adabu, yenye maji. "Watoto wamelala."

Kiherehere akarudi nyuma hatua moja. Akashika ukingo wa sinki. "Wewe nani?"

"Mpangaji. Nakaa hapo juu. Miaka mingi, sijawahi kuhamishwa. Wenzangu nyumba zao huisha, huoshwa, hukaushwa juani, na wao hufa kifo kibaya cha kiu. Mimi yule mama wa kistuli ananipenda. Kila nikikaribia kuona sakafu, ananiletea kinywaji kipya."

"Sabuni inaua wadudu," Kiherehere akanong'ona. Alijisikia kama mtoto wa shule anayemsahihisha simba.

"Sabuni nzima, ndiyo. Hii imechoka. Imeongezwa maji, imeongezwa nyingine, imekaa. Nimeizoea. Nimeifanya kitanda." Mdomo ukatabasamu. "Tatizo langu ni moja tu, dada. Sina miguu. Siendi popote mpaka nibebwe. Na humu ndani, niambie wewe, nani ananawa kuliko wote? Nani anashika watoto wa wenzake kuliko wote?"

Kiherehere akaangalia mikono yake.

"Umenibeba vizuri sana," lile jini la sabuni likasema. "Sina la kulalamika."

Hapo, msikilizaji, mtu mwingine angeanguka. Yeye alimwona Mkubwa, aliona vile alivyomfuta na kumtania, "Kaka mkubwa gani anajichafua hivi?". Jini likamwacha aone. Lilikuwa na subira, lile.

"Sasa tuelewane," likasema. "Wewe nyamaza. Nawa, saidia watu, endelea na wema wako. Na yule wako kwenye sanduku la kioo nitamruka. Atanenepa, mtakwenda nyumbani, utamwona anatembea. Lakini ukifungua mdomo, naanza na yeye. Ana mlango mdogo mkononi, pale dawa zinapoingilia, umebandikwa plasta. Plasta yenyewe uliishika wewe asubuhi."

Kupitia kioo Kiherehere alimwona Bosi amelala chali, ngumi moja juu kama anapinga jambo kwenye mkutano. Na kwa muda, nisikudanganye, kwa muda ule wa pumzi chache alipima, maana yule ni wake na wale wengine ni wa watu, na watu wenyewe watakwenda zao na hata jina lake la kweli hawalijui, na kunyamaza si kazi, kunyamaza ni kufunga mdomo tu, na nani angekuja kumuuliza, nani angejua zaidi ya yeye na ule mdomo mwekundu uliokuwa unamsubiri kwenye kiganja chake kwa upole wote.

Mlango ukafunguka. Akaingia mzazi mgeni, binti mdogo tu, macho yamevimba kwa kulia, mtoto wake ndiyo kwanza ameletwa. Hakuangalia kushoto wala kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinki kama alivyoelekezwa, akainua kiwiko abonyeze.

"Tafadhali," povu likanong'ona. "Mwache anawe."

"Usibonyeze!"

Kiherehere alimdaka mkono kwa nguvu mpaka yule binti akalia. "Usibonyeze, mdogo wangu! Usiiguse hiyo!"

Kiputo kikapasuka. "Umechagua," jini likasema, na safari hii sauti ilitoka ndani ya bomba la sinki, inateremka.

Sista Povu akatokea mbio. "Nani anapiga kelele kwenye wodi yangu? Wewe tena! Unamzuia mwenzako kunawa?"

"Sista, ugonjwa uko kwenye hiyo chupa."

"Kwenye sabuni?" Sista akaweka mikono kiunoni. "Ugonjwa uko kwenye sabuni! Kesho utaniambia moto umepatwa na baridi. Binti, nimekuwa nikinawisha watu kwa chupa hiyo tangu wewe hujaanza kuota meno."

"Ndiyo maana, Sista. Tangu mimi sijaota meno haijaoshwa."

"Koma!"

"Sikomi. Nifukuze, lakini baada ya kuifungua."

Na kabla hajakatazwa alishapanda kwenye kile kistuli, akaikamata chupa kwa mikono miwili, akaing'oa ukutani na misumari yake. Vumbi la ukuta likamwagika. Akafungua kifuniko, akaipindua ndani ya sinki.

Sabuni ikatoka. Ikatoka, ikatoka, halafu ikatoka sabuni nzito, halafu kikateleza kitu. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, kimechukua umbo la chini ya chupa kama ulimi uliokaa mdomoni. Kikaanguka, pwata. Ile harufu ya maua mabovu ikajaa chumba kizima, na yule binti mgeni akakimbilia dirishani kutapika.

Daktari wa watoto alikuwa amefika mlangoni, simu bado iko mkononi. Alikiangalia kile kitu muda mrefu.

"Maabara wamenipigia sasa hivi," akasema polepole. "Mdudu aliyekuwa kwenye damu ya Mkubwa ndiye aliye kwenye damu ya mtoto wa ukutani. Mmoja. Wengine wa aina yake huwa na rangi kama hiyo. Nimemtafuta kwenye maji, nimemtafuta kwenye mashine, nimepekua kila bomba. Sabuni..." Akatikisa kichwa. "Sabuni hiyo nilikuwa nanawia mimi mwenyewe, kila siku."

"Mimi ndiye ninayejaza," Sista akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mtu aliye chumba kingine.

"Juu ya iliyobaki?"

"Daktari, kuna wodi hazina hata tone. Nimwage sabuni mimi? Nimwage?"

Hapo hapo kengele ya mashine ikalia, na Kiherehere hakuhitaji kuambiwa ni ya sanduku lipi.

Bosi alikuwa amenyamaza. Ile ngumi iliyokuwa juu ilikuwa imelala. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu, na kifua, kile kifua cha ndege, kilipanda, kikashuka, kikasimama.

Sista akaruka, mikono imenyooshwa, akafika kwenye sanduku, na akaganda. Akaitazama mikono yake. Daktari akaitazama ya kwake. Kiherehere ya kwake. Mle ndani hapakuwa na mkono hata mmoja ambao haukuwa umeoshwa kwenye ile chupa, na wote walilijua hilo kwa pamoja, na mtoto hapumui, na kutoka kwenye tundu la sinki kukasikika kicheko, chepesi, cha mtu aliyeshinda bao bila kutoa jasho.

"Nishikeni basi," likasema. "Nani ananibeba?"

"Spiriti!" daktari akafoka. "Ile mpya! Mfukoni mwangu!"

Alikuwa na kichupa cha dawa ya kupaka mikononi, kile chenye spiriti, hakijafunguliwa hata muhuri. Akakivunja kwa meno. Akamimina kwenye mikono ya Sista, akamimina ya kwake. Wakasugua, viganja, migongo, kati ya vidole, vidole gumba, na Kiherehere aliona kwa macho yake utelezi ukichemka, ukipiga kelele kama mafuta yaliyoingiwa na maji, halafu ukawa mvuke, halafu haupo. Mikono ikakauka. Kukauka! Alitamani kuibusu. Wakavaa glavu mpya juu yake.

Sista akaweka kibarakoa kidogo usoni pa Bosi na kuanza kubonya kile kipira cha kumpa hewa. Taratibu. Bonya, achia. Bonya, achia. Daktari akaung'oa ule mlango wa dawa mkononi mwa Bosi, ngozi yake chini ya plasta imeshaanza kuiva, akapafunga kwa pamba safi, akatafuta mshipa mwingine mguuni, akasafisha, akasubiri pakauke huku jasho linamtiririka, akaingiza. Damu ya kuotesha ikachukuliwa. Dawa ikafuata hapo hapo.

Na Kiherehere? Hakuruhusiwa kushika. Alisimama katikati ya sinki na mtoto wake, amelipa mgongo sanduku, uso kwenye tundu.

"Toka nikuone," akasema.

"Nilikuambia," likajibu tundu. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia, na mimi nimesema, na bado nasema. Unajiita mpangaji, wewe? Mpangaji ana miguu. Wewe ni uteute. Ni makamasi yaliyopata adabu ya kuongea. Umeshindana na watoto wasiojua hata kugeuka, halafu unacheka? Huyo uliyemshika anaitwa Bosi. Muulize mtu yeyote humu, hajawahi kukubali amri."

"Atakuja."

"Haji."

"Ameshapoa."

"Tutampasha."

Bonya, achia. Nje ya dirisha wazazi walikuwa wamerudi kutoka kula, wamejipanga kimya, na katikati yao Mama Pacha na Mdogo kifuani. Tundu lile likaendelea kunong'ona, na kadiri lilivyonong'ona ndivyo baridi ilivyopanda kutoka kwenye sinki hadi kwenye miguu ya Kiherehere, magotini, tumboni, mpaka akahisi yeye mwenyewe amekuwa ile chupa, amejazwa, ameongezewa, hana sakafu, lakini hakusogea, alilitukana jini tusi la shuleni, la mtaani, na mengine aliyoyatunga pale pale, aliliita kila kitu kinachoteleza na kunuka duniani, na sauti ilipokauka aliendelea kwa mnong'ono, na mnong'ono ulipokauka aliendelea kwa midomo mitupu.

Nyuma yake kitu kikalia.

Kilikuwa kilio kidogo, chembamba, chenye hasira, kama paka aliyekanyagwa mkia. Sista Povu akasema, "Haya, mama, haya, gomba, gomba," na machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni.

Tundu likanyamaza.

Basi Sista alipomkabidhi mtoto kwa muuguzi mwingine, na huyo mwingine naye amepakwa spiriti mpaka viwiko, hakukaa kupumzika. Alizunguka hospitali nzima. Kila chupa ya ukutani aliing'oa. Kila dumu lililofunguliwa alilibeba mwenyewe, hakumruhusu mtu amsaidie. Akayarundika kwenye chumba cha maji machafu, akamimina dawa kali ya kuua wadudu, kwenye masinki, kwenye matundu, akasugua kwa brashi, akaacha, akarudia. Bomba lililia. Lililia kama mtoto, lijanja lile, lilijua mama anayesugua ni nani. "Nipe kidogo," lilisema. "Tone tu. Wewe hukuwahi kuninyima." Sista akafunga macho akamimina. Zile chupa hazikuoshwa zikarudishwa. Zilitupwa. Ukutani yakabaki matundu ya misumari.

Ila jini halikuondoka bila neno. Lilipita kwa Kiherehere kwanza. Alikuwa amekaa, viganja navyo vimepakwa spiriti, vimekauka mapajani, akasikia sauti ndogo katikati ya mistari ya mkono wake, kavu, inapasuka.

"Naenda. Lakini nimekuachia kitu. Wakijua alinibeba nani, hakuna mama atakayekupa mtoto wake umshike tena. Mpaka unakufa."

"Watajua," Kiherehere akasema. "Nitawaambia mimi."

Sauti ikakatika.

Bosi aliendelea na dawa siku nyingi. Kuna siku alipanda, kuna siku alishuka. Mtoto wa ukutani naye akafungua macho. Yule wa binti mgeni hakuguswa hata na kivuli. Mlangoni sasa palikuwa na vichupa vidogo vilivyofungwa; kikiisha kinatupwa, kinafunguliwa kingine, hakuna kuongeza juu. Na spiriti kando ya kila kitanda. Kunawa hakukukoma, kulizidi. Kosa halikuwa kunawa. Kosa lilikuwa kunawia mdomoni mwa jini.

Sista akawaita wazazi wote, akavua kofia, akawaambia ukweli wote bila kupunguza. Wengine walilia. Mmoja alimrushia kiatu, kikampata begani, na Sista akakiokota akamrudishia kwa mikono miwili.

Kiherehere alisubiri wamalize. Kisha akaenda kwenye kiti cha Mama Pacha, akachuchumaa mbele yake.

"Mwenzangu. Sabuni ilikuwa ya wodi, lakini mikono ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemgeuza Mkubwa asubuhi ile. Mikono ilikuwa inateleza, nilikuambia tukacheka. Ningeweza kunyamaza. Nimekataa kunyamaza."

Mama Pacha akamvuta Mdogo kifuani, akageukia ukuta. Kiherehere akarudi kwenye kiti chake na hakumsaidia mtu yeyote chochote, na hiyo peke yake ilitosha kuitia wodi hofu.

Jua lilipoanza kulegea, Mdogo akajichafua. Mama Pacha akajaribu kuinama. Mshono ukamkamata. Akajaribu tena, akauma meno. Muuguzi alikuwa mbali na mtoto wa mtu mwingine. Wodi nzima ikageuka kutazama.

"Wewe," Mama Pacha akaita bila kugeuka.

Kiherehere akainuka.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Umepaka?"

"Nimepaka."

"Imekauka?"

Kiherehere akainua viganja vyake kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vikavu, vyeupe kwenye mistari, vimepasuka kwa spiriti. "Imekauka."

Mama Pacha akamtoa Mdogo kifuani, aliyebaki, yule mmoja, akamshika mbele yake kwa mikono miwili, na akangoja.

Sasa wewe uliyekaa hapo, na mikono yako hiyo unayoiangalia: ungempokea?